Kompyuta zitoke ofisini kwa mwalimu mkuu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie kompyuta za shule za msingi. Habari za shule kukabidhiwa kompyuta hazikosekani magazetini: mgeni rasmi anakata utepe, walimu wamejipanga nyuma yake, watoto wanapiga makofi. Sijawahi kusoma habari ya mwandishi aliyerudi kwenye shule ileile mwaka mmoja baadaye kuangalia watoto wanazitumiaje kompyuta hizo. Naomba waandishi wako warudi. Watakachokikuta katika shule nyingi ni chumba chenye kufuli.

Mimi ni mwalimu wilayani Muheza, mkoani Tanga. Nafundisha Sayansi na Teknolojia madarasa ya juu, na mambo yote ya TEHAMA shuleni nimekabidhiwa mimi kwa kuwa nilisoma kompyuta kidogo nikiwa chuo cha ualimu. Tuna kompyuta nane za mezani, tulizopewa zikiwa zimeshatumika kwingine. Zinazowaka ni tano. Darasa la Tano peke yake lina watoto 94.

Zilipofika ziliwekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, zikafunikwa vitambaa vya kufuma, dirisha likaongezwa nondo. Zikakaa hivyo muda mrefu. Simlaumu mwalimu mkuu wa wakati ule hata kidogo. Kila kompyuta imeingizwa kwa namba kwenye leja ya mali ya shule. Moja ikiibiwa, ni yeye atakayekwenda polisi kuandika maelezo na kujieleza kwa mkurugenzi. Ikiharibikia mikononi mwa mtoto, hakuna fungu la kuitengeneza. Lakini ikikaa chini ya kitambaa miaka mitano bila kuguswa, hakuna atakayemuuliza. Mgeni akija kukagua anahesabu nane, anaandika nane, anaondoka. Tumeweka utaratibu ambao mwalimu mwenye busara zake lazima afunge mlango, halafu tunashangaa kwa nini umefungwa.

Matokeo yake watoto wetu wanasoma kompyuta ubaoni. Mwalimu anachora skrini, kibodi na kipanya, mtoto ananakili kwenye daftari, anakariri majina. Kwenye mtihani anaulizwa kipi kati ya hivi ni kifaa cha kuingizia data, anasiliba herufi C, anapata. Nimemwona kwa macho yangu mtoto aliyepata alama zote za mada hiyo akikabidhiwa kipanya kwa mara ya kwanza. Alikinyanyua, akakielekeza kwenye skrini kama rimoti ya televisheni, akabonyeza, kisha akanitazama kuuliza mbona hakuna kitu. Mchoro wa ubaoni haukumwonyesha kwamba kinatembezwa juu ya meza na mshale unakifuata.

Sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi nchini kwetu ilitoka mwaka 2007. Mtoto aliyekuwa Darasa la Kwanza mwaka huo leo ni mtu mzima, wengine wana watoto wao wanaoanza shule. Somo limewahi kusimama peke yake, baadaye likaingizwa ndani ya Sayansi na Teknolojia, na sasa tuna mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024. Karatasi zimebadilika vya kutosha. Ninachoandikia barua hii ni mikono ya watoto, ambayo bado haijagusa.

Ninavyoona, tatizo linaanzia kwenye swali la nini hasa tunataka mtoto ajue. Wazazi wengi wa shuleni kwetu wakisikia mtoto anafundishwa kompyuta wanafikiria kuchapa barua, kazi za steshenari. Hizo atajifunza akiwa mkubwa kwa muda mfupi tu, tena programu zenyewe zitakuwa zimeshabadilika. Mtoto wa miaka kumi anahitaji kuujua msingi: kwamba mashine inafuata maelekezo na maelekezo hayo yametungwa na mtu, kwamba habari inahifadhiwa kwa namna inayoeleweka, si kwa uchawi, na kwamba si kila kinachotokea kwenye skrini ni cha kuaminiwa. Uingereza walibadili mtaala wao Septemba 2014, wakaachana na somo lililojaa matumizi ya programu za ofisini, na sasa mtoto wa miaka mitano anaanza na kupanga maelekezo hatua kwa hatua. Wao wana mashine za kutosha, lakini sehemu kubwa ya msingi huo haihitaji hata umeme. Huko New Zealand, Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury na wenzake wamekuwa tangu miaka ya 1990 wakitunga mazoezi ya sayansi ya kompyuta yanayofanyika uwanjani na kwenye karatasi, na kuyasambaza bure kwa walimu. Mengi ninayoyafanya nimeyajenga juu ya kazi yao, nikiyapindapinda yafae uwanja wetu.

Naomba nieleze mawili, maana walimu wenzangu watakaosoma hapa wanaweza kuyafanya kesho asubuhi.

La kwanza, namteua mtoto mmoja awe mashine. Mashine haifikirii wala haikisii. Inafanya ilichoambiwa, basi. Anasimama mlangoni mwa darasa, na wenzake wanatakiwa wamfikishe kwenye bomba la maji lililo jirani na mwembe. Amri zinazoruhusiwa ni tatu: songa hatua kadhaa, geuka kulia, geuka kushoto. Kundi linaandika maelekezo yote kwenye karatasi kwanza, halafu mmoja anayasoma, na hairuhusiwi kurekebisha njiani. Mara ya kwanza mashine inaishia kwenye ukuta wa stoo, na kwa kuwa bado ina hatua zilizobaki, inaendelea kupiga hatua palepale pua ikiwa ukutani. Watoto wanacheka mpaka wanakaa chini, kisha zinaanza kelele: nani kaandika hatua tisa?

Hapo ndipo penye somo. Wanarudi kwenye karatasi, wanaipitia mstari kwa mstari, na wanakuta kwamba aliyeandika "geuka kulia" alikuwa amesimama akitazamana na mashine, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwa mashine. Wanasahihisha, wanarudia. Kundi jingine lilifikisha mashine yake bombani barabara, likashangilia, tukabadilisha mtoto, tukaweka mfupi zaidi kwa maelekezo yaleyale, akaishia njiani. Wakabishana sana. Binti mmoja ambaye darasani huwezi kusikia sauti yake ndiye aliyesema tatizo si maelekezo, ni hatua; hatua ya kila mashine lazima iwe na urefu mmoja. Akapendekeza tukate kamba tupimie. Tukakata.

Nalithamini zoezi hili kwa sababu ya kitu kimoja ambacho shule zetu hazikifundishi mahali pengine. Mtoto wetu amezoea kwamba jibu likikosewa linapigwa mkasi kwa kalamu nyekundu, mambo yamekwisha. Hapa anakuta kosa lina mahali lilipokaa, linaweza kutafutwa, likapatikana, likaondolewa, na kazi yote iliyobaki ikawa nzima. Waandishi wa programu duniani kote hutumia sehemu kubwa ya siku yao kufanya kazi hiyohiyo.

La pili ni la kadi tano nilizokata kwenye maboksi ya sabuni na kuzichora kwa maka peni. Kadi moja ina kitone kimoja, nyingine viwili, nyingine vinne, nyingine vinane, ya mwisho 16. Watoto watano wanasimama mbele ya darasa, yenye vitone vingi ikiwa upande wa kushoto kama darasa linavyoona. Kadi ama inaonekana ama imegeuzwa, hakuna nusu. Mtoto anataja tarehe aliyozaliwa. Wa tarehe 21 anahitaji kadi za 16, 4 na 1 zionekane, za 8 na 2 zigeuzwe. Tunaandika ubaoni 1 kwa kadi inayoonekana na 0 kwa iliyogeuzwa: 10101. Wakishajaribu tarehe nyingi wanagundua wenyewe kwamba kadi zote zikionekana ni 31, na kwamba kila namba ina namna moja tu ya kuandikwa. Mtoto mmoja aliniuliza je, tukitaka 32? Wenzake walimjibu kabla sijafungua mdomo: ongeza kadi ya sita, iwe na vitone 32. Baada ya hapo nikiwaambia kwamba ndani ya kompyuta namba, herufi, picha na hata wimbo vyote vimehifadhiwa kwa kuwasha na kuzima vivyo hivyo, hawanikodolei macho. Wanauliza kadi ngapi.

Mwalimu mkuu wa sasa alikubali kompyuta zihamie chumba kilichokuwa stoo ya vitabu. Kamati ya shule ikasema sawa, lakini pawe na mlango wa chuma, wazazi wakauchangia. Tukaweka Scratch, programu iliyotengenezwa katika chuo cha MIT cha Marekani na kutolewa mwaka 2007. Ni ya bure, ikishawekwa haidai intaneti, na mtoto anaweza kuchagua Kiswahili kwenye orodha ya lugha. Anaburuta vipande vya amri na kuviunganisha kimoja chini ya kingine, na paka aliyeko kwenye skrini anatembea, anageuka, anaongea. Watoto waliokwisha kumpeleka mwenzao bombani hawahitaji maelezo marefu. Wanamtazama paka wanasema: mwalimu, huyu naye ni mashine.

Kipindi ni dakika 40, na dakika kumi zinakwisha kompyuta zikiwa bado zinaamka. Kwa hiyo tunatumia pia muda wa klabu baada ya masomo. Nusu ya darasa inakuwa na kadi na kamba nje, nusu nyingine ndani, na bado kila kompyuta inazungukwa na watoto wengi. Nilichokiona mapema ni kwamba kipanya kinachukuliwa na mvulana ambaye nyumbani kwao kuna simu janja, hakiachii mpaka kengele inalia, na wasichana wanasimama nyuma wakitazama mabega yake. Sasa tuna sheria: anayeshika hasemi, anayesema hashiki. Mmoja anatoa maelekezo kwa mdomo, mwenye kipanya anayatekeleza tu, na nikigonga meza wote wanahama nafasi moja. Kuna kelele, lakini kila mtoto anashika na kila mtoto anasema. Kishikwambi nilichogawiwa kama walimu wengine baada ya Sensa ya 2022 nacho nakiingiza kwenye mzunguko, watoto wakikitumia mbele yangu.

Wale waliokuwa wakihofia watoto watavunja, niwaambie kwamba tangu tufungue chumba kile hakuna kompyuta hata moja iliyoharibiwa na mtoto. Zinaharibiwa na vumbi, panya wanaotafuna nyaya, na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Moja ilikuwa kila ikiwashwa inasema ni mwaka 2009, na watoto wakaanza kusema imerogwa. Fundi wa mjini aliifungua mbele yao, akawaonyesha betri ndogo ya duara inayotunza saa wakati umeme umezimwa, ilikuwa imekwisha. Betri yenyewe bei yake ni kama soda mbili. Niliinunua kwa fedha yangu, na sioni fahari kulisema hilo, nalisema kwa sababu ndipo mfumo wetu unapovuja. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika hizo kuna sehemu inayobaki juu kwa ajili ya vitabu. Kinachofika shuleni ndicho cha chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo. LUKU inatoka humohumo. Mwalimu mkuu akilazimika kuchagua kati ya karatasi za mtihani wa muhula na umeme wa kompyuta tano, najua atachagua nini, na ningekuwa mimi ningechagua hivyohivyo.

Sasa nije kwenye simu, jambo ambalo haliwezi kungoja kompyuta yoyote. Hapa kwetu nyumba isiyo na kompyuta ni ya kawaida kabisa, lakini simu ipo, hata kama ni ya batani. Na katika nyumba nyingi za milimani kuelekea Amani, anayeisoma ni mtoto. Bibi haoni vizuri, au hakubahatika kusoma. Mjukuu wa Darasa la Tano ndiye anayebonyeza nyota, mia na hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Anaingiza namba, anaingiza kiasi, anaingiza namba ya siri. Ni mweka hazina wa ukoo akiwa na miaka kumi na moja, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kazi hiyo.

Siku moja niliuliza darasani nani anaijua namba ya siri ya mtu mzima wa nyumbani kwao. Mikono iliyonyooka ilizidi nusu ya darasa. Mvulana wa dawati la mbele alisimama kwa adabu zake zote akaanza kuitaja kwa sauti. Nilimzuia akiwa kwenye tarakimu ya tatu.

Msimu wa hiliki uliopita bibi mmoja wa huko juu aliuza mzigo wake, akaweka fedha kwenye simu, akawa anamngoja mkwewe amtajie namba ya kulipia bati. Ukaingia ujumbe ambao sidhani kuna Mtanzania mwenye simu hajaupata: ile hela tuma kwenye namba hii, ikifuatiwa na jina litakalotokea. Mjukuu akausoma kwa sauti. Bibi akasema haya, ndiyo hiyo, tuma mjukuu wangu. Akatuma. Mtoto yule alichapwa na mjomba wake, akakaa nyumbani siku kadhaa kwa aibu. Lakini alisoma vizuri, hakuruka herufi, hakukosea tarakimu. Kwa kipimo cha kusoma, kuandika na kuhesabu ambacho shule ilimpa, alifaulu. Alichokosa ni kuambiwa kwamba ujumbe kama ule umeandikwa na mtu asiyemjua bibi yake wala mkwe wake, ukarushwa kwa namba nyingi kwa mkupuo, ukimtafuta yule mmoja ambaye kweli ana hela na kweli anangoja kuambiwa pa kuituma. Tapeli hakujua chochote kuhusu bibi. Bibi ndiye aliyeujaza ujumbe maana.

Nilipowaeleza hivyo watoto, kwamba mbinu yote ni kurusha kwa wengi na kungoja, darasa lilikaa kimya. Sasa tunafanya zoezi. Naandika jumbe kwenye vikaratasi, za kweli na za uongo zikiwa zimechanganywa, makundi yanazitenga na kutoa sababu. Ametaja jina lako au jambo mnalolijua wawili? Mbona anakuharakisha? Tukimpigia mkwe kwa namba iliyohifadhiwa kwenye simu yetu, tuiache iliyoko kwenye ujumbe, atasema nini? Wanajua ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda namba 15040 ili mamlaka iifuatilie hiyo laini, na kwamba ukibonyeza *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Wanajua namba ya siri haitajwi hata kwa mwalimu. Na ninawaandaa kwa yanayokuja, maana akili mnemba tayari inaweza kuiga sauti ya mjomba, na sauti ya mjomba kwa bibi ni ushahidi mkubwa kuliko ujumbe.

Elimu hii ni ya kidijitali kama ile ya paka kwenye skrini. Mtaalamu akiniambia si TEHAMA kwa kuwa haina kompyuta, nitamwalika Amani.

Mpaka wa Horohoro hauko mbali na sisi, na tunapata habari za wenzetu wa Kenya. Walianza mwaka 2016 kupeleka tableti kwenye shule za msingi za umma, nchi nzima zikapita milioni moja. Mwaka 2022 taasisi yao ya mitaala ikaidhinisha mtaala wa kufundisha kutunga programu katika shule za msingi na sekondari. Nawapongeza kwa dhati kwa kuthubutu. Lakini ndugu yangu anayefundisha upande wa Kwale ananiambia kabati la chuma analo hata yeye, na ufunguo anao mwingine. Wingi wa vifaa haujafungua makabati yao. Sioni kwa nini utafungua ya kwetu.

Nawaomba viongozi wetu wa TAMISEMI na halmashauri watoe tamko linaloeleweka kwamba kompyuta ya shule iliyochakaa kwa kutumiwa na watoto si kosa la mwalimu mkuu. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha. Wanaotoa misaada nao, ambao nawashukuru kwa moyo wote, walioandaa fedha za kompyuta 20 walete 12, na fedha za nane zilizobaki ziwe za fundi, betri, LUKU na semina ya siku chache kwa walimu wa shule hiyo. Picha ya makabidhiano itakuwa na maboksi machache, lakini miaka mitatu baadaye kutakuwa na kitu cha kupiga picha. Katika vikao vya MEWAKA, ambako walimu tunakutana kufundishana, mada hii ipewe nafasi kwa vitendo, tutoke nje na kamba.

Na mtihani. Mwalimu anafundisha kinachopimwa, nami sijifanyi kuwa tofauti. Ilimradi mtoto anapimwa kompyuta kwa kusiliba herufi, ubao utaendelea kutosha na kompyuta itaendelea kuwa pambo. Kwa kuwa wanafunzi walioanza mtaala mpya wakiwa Darasa la Tatu mwaka 2024 watamaliza la Sita mwaka 2027, muda bado upo wa kuweka kipimo kidogo cha vitendo: mtoto apewe maelekezo yenye kosa alitafute, apange maelekezo yake mwenyewe, atenge ujumbe wa kweli na wa kitapeli na aeleze sababu. Hakuna hata kimoja hapo kinacholazimu shule iwe na umeme, kwa hiyo shule ya mlimani haitaonewa. Wadhibiti ubora wakija, wasianze na leja. Wamwite mtoto yeyote wa dawati la nyuma, tena msichana, wamwambie awashe, aonyeshe alichokitengeneza.

Kwako Mhariri nina ombi pia. Gazeti lako linafika Muheza mjini kila siku, na nakala moja husomwa na watu wengi kabla haijafungia maandazi. Tenga kona ndogo mara moja kwa wiki, hata ya inchi chache, uchapishe zoezi moja la watoto la aina hii: kadi za vitone, ramani ya kumpeleka mashine bombani, ujumbe wa kutiliwa shaka. Walimu tutazikata na kuzibandika darasani. Mazoezi ninayo, yamejaribiwa na watoto, na nitakuletea bila malipo ukinijibu kwa anwani niliyokuandikia kando. Jina langu ninakupa, ila naomba usilichape.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Muheza, Tanga.